Mwanangu, kuhusu wale watu wa viti

Mwanangu, meseji yako nimeiona. Ati umepita Grafton huko Wisconsin ukaambiwa lebo ya santuri ya Paramount, ile iliyowarekodi kina Ma Rainey, yule mama mwimbaji wa bluzi, ilikuwa ya kampuni ya viti, unaniuliza mie kama fundi ni kweli au wanakutania. Kweli tupu. Wisconsin Chair Company walikuwa wanachonga makabati ya gramafoni, sasa kabati bila santuri nani anunue, ndo kufika 1917, 1918 wakaanza kutoa santuri zao wenyewe. Hapo hakuna ajabu, seremala ndo anavyofikiri.

Kinachoniuma ni santuri zenyewe. Walitumia malighafi ya bei chee, zikawa zinakwaruza toka mpya, Charley Patton, mpiga gitaa wao wa bluzi, unamsikia kama anaimba jikoni watu wanakaanga samaki. Unaikumbuka karakana ya barabara ya kumi na mbili? Bosi alinipa kabati la redio, mninga mtupu, nikalipiga msasa na vanishi mpaka unaona ndevu zako, yeye mle ndani akachomeka spika mbovu kuliko zote sokoni. Mteja aliporudi na hasira zake unadhani alimfuata bosi? Alinifuata mie, mbele ya vijana wangu! Mama yako usimkumbushe, ataanza upya. Ndo maana nawaambia kila siku, kazi ni ya ndani, nje mapambo tu.

Ila ngoja. Bila wale wa viti Ma Rainey angerekodiwa na nani mwaka 1923? Haya, labda Columbia, lebo nyingine, si walimchukua mwimbaji mwenzake Bessie Smith mwaka huohuo. Lakini Skip James, yule mwanabluzi wa Mississippi, je? 1931, uchumi wa Marekani uko chini, nani mwingine angemtoa kwao mpaka huko Grafton kwenye baridi, kumrekodi? Zikatoka nyimbo 18, hazikuuzika, lebo nayo haikuchukua muda ikafa, mwenyewe akaingia mambo ya kanisa mpaka 1964 vijana wapenzi wa bluzi waliokuwa wakimtafuta wakaja kumkuta kalazwa hospitali. Na walichomsikia nacho ni zilezile santuri mbovu. Sasa hapo unamlaumu nani? Kazi ni ya ndani, nasema tena, lakini hao waliharibu ya ndani na bado ndo iliyobaki.

Walidhulumu au walisaidia? Najua hujaniuliza. Jibu ninalo mdomoni ila naliacha, nikilisema utanirekodi.

Ukipita tena niulizie kama kuna kabati lao lolote limebaki, ulipige picha kwa nyuma, nataka kuona pembe waliziunga vipi.

Baba yako