Jua Kwanza Mizimu ya Wachina, Ndipo Usome Riwaya Zao

Rafiki zangu wapenda vitabu huniuliza waanzie wapi wakitaka kusoma riwaya za Kichina za siku hizi, hasa zile ambazo maiti anasimulia, punda anakumbuka alikuwa nani zamani, na papo hapo kuna kikao cha kijiji kinachojadili mavuno. Nimezisoma kwa miaka kadhaa sasa, zote kupitia tafsiri za Kiingereza, na ushauri wangu ni huu: kabla hujafungua kitabu, jua kwanza Wachina wenyewe husimulia nini kuhusu kifo na walio kuzimu. Kisha unaposoma, tafuta mahali ambapo mwandishi ameipinda simulizi hiyo ya wazee. Hapo alipoipinda ndipo alipoliweka neno lake.

Mfano wangu wa kwanza daima ni Mo Yan, mzaliwa wa Gaomi katika mkoa wa Shandong, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Riwaya yake *Life and Death Are Wearing Me Out*, iliyotoka kwa Kichina mwaka 2006, inaanzia kuzimu. Ximen Nao, tajiri wa mashamba aliyepigwa risasi wakati wa mageuzi ya ardhi, yaani ardhi ya matajiri ilipochukuliwa na kugawiwa wakulima, amekwisha kukaangwa kwenye mafuta na bado anamwambia mfalme wa kuzimu kwamba ameonewa. Anarudishwa duniani akiwa punda, halafu ng'ombe wa kulimia, nguruwe, mbwa, nyani, na mwisho mtoto mwenye kichwa kikubwa.

Ukiisoma bila maandalizi utadhani hivi ni vituko alivyovibuni mwandishi. Kumbe kuzaliwa upya kama mnyama ni imani ya Kibudha iliyokaa China kwa karne nyingi, na Wachina wamekua wakisikia habari za bibi Meng Po, anayewanywesha wafu supu ya kusahau kabla hawajarudi duniani. Katika masimulizi ya kale mtu hunywa, husahau, yakaisha. Ximen Nao anakataa kunywa. Mo Yan ameipinda simulizi hapo, na kitabu kizima kinatokana na kukataa huko. Kwa kuwa hakusahau, yeye anayezaliwa punda tarehe 1 Januari 1950 anakuwa, mnyama baada ya mnyama, shahidi wa yote yanayofuata: ardhi waliyogawiwa wakulima kuingizwa katika komuni, yaani mashamba ya pamoja, mwaka 1958, njaa iliyoua mamilioni, Mapinduzi ya Kitamaduni, kampeni ya kisiasa iliyowageuza vijana dhidi ya wakubwa wao, kuanzia 1966, kifo cha kiongozi wa China Mao mwaka 1976, hadi enzi ya fedha na biashara.

Kuna sura moja ambayo ningependa kila msomaji aifikie. Ng'ombe anatakiwa alime shamba la komuni. Analala chini, hainuki. Anachapwa mijeledi, hainuki. Mwishowe anachomwa moto. Anayeongoza mateso hayo ni kijana Jinlong, mwana wa Ximen Nao wa kumzaa. Ng'ombe anajua kwamba huyu ni mwanawe, lakini Jinlong hajui kwamba huyu ni baba yake. Mnyama anainuka akiwa anaungua, anatembea hadi kwenye kishamba cha Lan Lian, mkulima pekee aliyekataa kuingia komuni, na anafia pale. Miaka ile watoto waliwakana na kuwashutumu wazazi wao hadharani. Mwandishi angeweza kuyaeleza hayo moja kwa moja, na wengi wameyaeleza. Lakini ni imani ya kuzaliwa upya iliyomwezesha kumweka baba chini ya mjeledi wa mwanawe, akiwa na kumbukumbu zake zote na asiweze kusema neno.

Mwandishi mwingine, Yu Hua, anaipinda simulizi kwa namna nyingine. Wachina husema roho ya marehemu hurudi nyumbani siku ya 7, na asiye na kaburi hana pumziko. Katika *The Seventh Day* ya mwaka 2013, Yang Fei anapigiwa simu na watu wa tanuri la kuchomea maiti: amechelewa kuchomwa. Anafika na kukuta wafu wa kawaida wamekaa kwenye viti vya plastiki, matajiri kwenye masofa, wakilinganisha bei za sanda na makaburi. Lakini wale wasio na kaburi, ambao kwa mila wangetangatanga kwa taabu, Yu Hua amewapa nchi yao, na humo hakuna tajiri wala maskini. Wapo waliolalamika kwamba kitabu hiki ni habari za magazeti zilizofungwa pamoja. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Habari hizo zinauma kwa sababu wanaozisimulia tayari wamekufa na hawana tena cha kuogopa.

Kwa mwandishi wa tatu, Yan Lianke, uwe na tahadhari ya kinyume: usidhani kila cha ajabu kimebuniwa. *Dream of Ding Village* inasimuliwa na mtoto aliyekufa, lakini wanakijiji kuuza damu na kuambukizwa virusi vya Ukimwi ni jambo lililotokea kweli mkoani Henan miaka ya 1990. Hata ndoa za kuwaozesha wafu ni desturi ya kweli ya kaskazini mwa China. Yan ameibadili kwa kuingiza dalali: yule yule aliyenunua damu ya watu walipokuwa hai sasa anatoza ada kuwaozesha wakiwa wamekufa.

Basi anza na Yu Hua, ni kifupi na hakichoshi. Ufuate na Yan Lianke. Mo Yan mwache wa mwisho, kwa kuwa kitabu chake ni kinene na wahusika ni wengi. Kaa na karatasi yenye miaka niliyoitaja, na kila mnyama anapokufa uandike ni mwaka gani. Kumbuka pia kwamba jina la ukoo ndilo linalotangulia, vinginevyo utapotea kati ya akina Ximen na akina Lan kabla hujafika kwa nguruwe.