Huduma mbili zagombania poti 8080 isiyoandikwa kwenye faili lolote

Swali: Tuna huduma mbili ndogo za Python: ya malipo, iliyopangiwa poti 8081, na ya ripoti, 8082. Tumezihamisha kutoka seva ya zamani ya Python 2 hadi Linux yenye Python 3. Sasa inayowashwa ya pili hufa papo hapo na ujumbe `[Errno 98] Address already in use`, yoyote itakayotangulia. `ss -ltnp` inaonyesha ya kwanza imeshika 8080. Mafaili ya mipangilio hayajaguswa, na kwenye laptopu yangu, ambako niliyaandika upya kwa ufupi, zote zinawaka. Nitairudishaje hitilafu hii mbele ya wenzangu?

Jibu: Achana na mtandao kwanza. Swali la kujiuliza ni hiyo 8080 imetoka wapi ikiwa hakuna faili linaloitaja. Namba ya aina hiyo huwa imeandikwa ndani ya programu kama akiba, na programu huikimbilia iliposhindwa kusoma ya kwako.

Laptopu imekuficha kwa sababu ulipoandika upya hukuyaweka maelezo ya pembeni, yaani maneno yanayofuata thamani kwenye mstari uleule. Tengeneza `malipo.ini` hivi:

```
[seva]
poti = 8081 ; ya malipo
```

na `ripoti.ini` vivyo hivyo, ukiweka `8082 ; ya ripoti`. Kisha `jaribu.py`:

```
import configparser, sys
from http.server import HTTPServer, SimpleHTTPRequestHandler
c = configparser.ConfigParser()
c.read(sys.argv[1])
try:
    poti = c.getint("seva", "poti")
except Exception:
    poti = 8080
print(poti)
HTTPServer.allow_reuse_port = False  # poti moja, programu moja
HTTPServer(("127.0.0.1", poti), SimpleHTTPRequestHandler).serve_forever()
```

Hakikisha 8080 iko wazi, fungua terminali mbili, endesha `python3 jaribu.py malipo.ini` kwenye moja na `python3 jaribu.py ripoti.ini` kwenye nyingine. Zote zitachapisha 8080, na ya pili itaanguka na Errno 98. Futa kila kitu kuanzia nukta-mkato (`;`), rudia: 8081 na 8082. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo wenzako watakuwa na haki ya kubisha. Fanyia kwenye Linux. Windows inaweza kuziruhusu programu zote mbili zikae kwenye poti moja bila kulalamika, na jaribio lako likaonekana halina maana.

Kilichobadilika ni kichanganuzi chenyewe, yaani sehemu ya Python inayosoma mafaili ya mipangilio. Cha Python 2 kilikata nukta-mkato iliyotanguliwa na nafasi pamoja na kila kilichoifuata. Tangu 3.2, `configparser` haikati maelezo ya pembeni usipoiomba, kwa hiyo thamani ni maandishi mazima `8081 ; ya malipo`. `getint` inashindwa kuyageuza namba, inatoa `ValueError`, na ile `except Exception` inaimeza kimyakimya. Ondoa `try` uone ujumbe wenyewe ukiwa na maandishi hayo ndani yake. Huo ndio ushahidi wa kuwaonyesha.

Kwenye programu zenu halisi, hamishia maelezo kwenye mstari wake, juu ya `poti`. Unaweza pia kuandika `ConfigParser(inline_comment_prefixes=(";",))` ili tabia ya zamani irudi, ila mimi siipendi: nywila yenye nafasi kisha nukta-mkato itakatwa katikati, nanyi mtahangaika na hitilafu nyingine kabisa. Vyovyote iwavyo, hiyo `except` pana iondoke. Mkitaka akiba kwa anayeacha kuandika poti, tumieni `getint("seva", "poti", fallback=8080)`; hii hufanya kazi pale tu sehemu au ufunguo haupo, lakini thamani mbovu bado italipua kosa, na ndivyo inavyotakiwa.

Ikiwa mafaili hayana maelezo ya pembeni na bado mnapata 8080, chapisha kinachorudishwa na `c.read(...)`. Orodha tupu maana yake faili halikuonekana, na `read` hailalamiki. Huduma ya mfumo chini ya systemd (programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma) huanzia kwenye `/` msipoweka `WorkingDirectory`, hivyo njia fupi kama `malipo.ini`, ambayo ilifanya kazi mlipoiwasha kwa mkono, haitafika popote. Andikeni njia kamili, au mfungue kwa `open` na kuisoma kwa `read_file`, ambapo faili lisipokuwepo programu husimama hapo hapo.