Maswali na Majibu: Breki za gokati

Swali: Habari za kazi, mafundi. Pedali ya breki ya gokati yangu (kigari kidogo cha mashindano) inazidi kwenda chini kila baada ya siku mbili tatu za mazoezi. Nikipampu mara mbili inapanda. Nimeshatoa upepo mara tatu, lakini tatizo linarudi. Je, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) imekufa?

Jibu: Usinunue mpya kwanza. Bonyeza pedali polepole kwa mkono uisikilizie. Ikienda mbali bila kizuizi, kisha ikagonga na kuwa ngumu kama jiwe, shida ni nafasi kati ya pedi (vipande vinavyobana) na diski (sahani inayobanwa). Ikiwa laini kama sponji tangu inapoanza kukamata hadi mwisho, hapo kuna upepo. Maelezo yako, hasa hilo la kurudi taratibu kadiri unavyoendesha, yanaelekea kwenye pedi.

Wanaotoka kwenye magari hunaswa hapa. Kwenye gari, pistoni ya kalipa (kibano kinachobeba pedi) hurudi kidogo tu baada ya breki, na pedi ikilika, pistoni inasogea mbele yenyewe. Kalipa nyingi za gokati zina springi zinazozirudisha pedi nyuma kabisa, kwa sababu injini ni ndogo na ekseli ya nyuma lazima izunguke bila kukwaruzwa. Matokeo yake, kila milimita ya pedi inayolika inabaki kuwa pengo la kujazwa na mafuta, na masta silinda ya gokati ni ndogo, haina mafuta mengi ya kusukuma kwa kanyago moja. Zipo kalipa zinazojirekebisha, ila usidhani yako ni mojawapo mpaka uione kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Dawa yake ni shimu, yaani vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi. Kabla ya kuweka chochote, hakikisha diski iko katikati ya kalipa. Legeza bolti za habu ya diski (kishikio kinachoifunga kwenye ekseli), isogeze kwenye ekseli, kaza, kisha zungusha ekseli ukiangalia mwanga unaopita kati ya diski na pedi pande zote mbili. Ukiweka shimu wakati diski imeelemea upande mmoja, pedi moja itafanya kazi yote na diski itasukumwa pembeni.

Sasa pima pengo kwa geji. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kama hukipati, anzia karibu milimita 1 kila upande. Pedi ikiwa imelika milimita 1 kila upande, weka shimu ya milimita 1 kila upande, zenye unene sawa kushoto na kulia. Na siku ya kufunga pedi mpya, toa shimu zote kwanza! Hili husahaulika sana: pedi nene juu ya shimu za zamani hubana diski hata kabla hujakanyaga, na mizunguko michache inatosha kuichemsha.

Swali: Shikamooni. Breki za gokati ya kijana wangu ziko sawa zikiwa baridi. Baada ya mizunguko sita au saba gari linakuwa zito, na diski inabadilika rangi kuwa ya bluu. Likipoa, kila kitu kinarudi kawaida.

Jibu: Marahaba. Breki inajikaza yenyewe kwa joto, na mara nyingi kosa liko mbele kwenye pedali, si kwenye kalipa. Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pedali ikiwa imeachiwa, kitundu hicho lazima kiwe wazi ili mafuta yanayopanuka kwa joto yapate pa kurudi. Rodi ya breki, inayounganisha pedali na masta, ikiwa imekazwa mno hadi pedali haina mchezo, pistoni hairudi mwisho, kitundu kinazibwa na mafuta ya moto yanasukuma pedi. Joto linazidi, mbano unazidi.

Jaribu hivi tatizo likiwa linaendelea: inua nyuma ya gari, zungusha ekseli, kisha fungua kidogo nipo (skrubu yenye tundu) ya kutolea upepo kwenye kalipa. Vaa glavu na miwani, kwani mafuta yale yanaunguza. Ekseli ikiachia papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, basi rudi kwenye masta. Isipoachia, kalipa yenyewe imekwama: springi dhaifu, pini zenye kutu, au sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zilizovimba.

Kwa upande wa rodi, rekebisha urefu wake mpaka pedali icheze milimita 1 hadi 2 kabla pistoni haijaanza kusogea. Mchezo huo uusikie kwa vidole, usikisie kwa macho. Hakikisha pia skrubu ya kuzuia pedali isirudi nyuma sana ndiyo inayobeba pedali, na kwamba kebo ya usalama, ile nyembamba kando ya rodi, haiivuti.

Sili zikivimba, mara nyingi mafuta yasiyofaa yamepita humo. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 na DOT 5.1 hutumia sili ambazo grisi ya kawaida, petroli na mafuta ya injini huziharibu. Unapofunga sili mpya, zipake mafuta safi ya breki yaleyale na si kitu kingine.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya DOT 4 na DOT 5.1? Naweza kuchanganya?

Jibu: Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi, na DOT 5.1 ni 260. Yakishanyonya maji, viwango hivyo vinashuka hadi 155 na 180. Yote mawili yanachanganyika bila madhara, ila mchanganyiko hauwezi kuwa bora kuliko DOT 5.1 halisi. DOT 5 bila ile nukta moja ni silikoni, kitu kingine kabisa; usiichanganye na hayo. Vilevile mafuta ya madini. Soma kifuniko cha masta silinda. Na ile chupa iliyokaa wazi kabatini miezi kadhaa, itupe.

Swali: Naomba njia ya uhakika ya kutoa upepo. Viputo haviishi.

Jibu: Nipo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Isipokuwa hivyo, fungua kalipa, weka kipande cha mbao chenye unene wa diski kati ya pedi ili pistoni zisitoke, kisha igeuze nipo itazame juu. Inua mbele ya gari ili kikopo cha mafuta kiwe juu kuliko mpira wote wa breki.

Vuta nusu ya mafuta ya kikopo ili yasimwagike. Jaza sirinji mafuta mapya, itoe hewa, iunganishe kwenye nipo kwa mpira unaobana, fungua nipo robo au nusu mzunguko na usukume polepole. Viputo vinapanda kwa hiari yao, hivyo kuvisukuma kutoka chini ni rahisi kuliko kuvishusha kwa pedali. Gonga mpira na kalipa kwa mpini wa spana. Viputo vidogo hung'ang'ania kwenye kona. Masta yenye njia mbili, fanya kila njia peke yake. Mafuta yakidondoka kwenye rangi, yaoshe kwa maji mara moja.

Swali: Pedi zimeng'aa kama kioo na breki haikamati. Nizichome kuondoa mafuta?

Jibu: Kung'aa pekee kunatibika: weka msasa juu ya kioo bapa, sugua pedi mpaka uso uwe wa kijivu kote, kisha zizoeshe kwa kukanyaga mara 8 hadi 10, ukianza kidogo na kuongeza, bila kusimama kabisa. Zilizolowa mafuta ya mnyororo zitupe. Ukizichoma, mafuta yaliyo ndani hupanda tena diski inapopata joto. Siku nyingine funika diski kwa kitambaa kabla ya kupulizia mnyororo mafuta.

Swali: Ile kebo nyembamba kando ya rodi ina kazi gani? Wengine wanaikata.

Jibu: Gokati nyingi zina breki ya nyuma tu. Rodi ikichomoka, huna breki. Kanuni za kimataifa za karting zinataka kiungo cha pedali na masta kiwe maradufu. Kikiwa kebo, kipenyo kisipungue milimita 1.8 na kifungwe kwa klipu bapa. Iache na ulegevu kidogo tu. Kisha chomoa pini ya rodi gari likiwa limesimama na ukanyage: kama kebo peke yake haikamatishi breki, ni ndefu mno.