Risiva ya sinema ya nyumbani: nani achakate nini?

Kwa muda wa miezi saba nilitazama filamu huku nikiilaumu subwufa, ile spika ya besi, ambayo haikuwa na kosa lolote. Milipuko ilitikisa vioo vya dirisha kama ilivyotakiwa, lakini sauti ya mwanamume mwenye koo zito ilitoka nyembamba kana kwamba anaongea kwa simu, na kishindo cha ngoma kilikosa tumbo. Niliihamisha subwufa kutoka pembe hadi pembe, nikabadilisha waya, nikafikia hatua ya kutaka kununua nyingine kubwa zaidi. Kumbe kosa lilikuwa kwenye menyu ya pleya ya Blu-ray, ambako siku ya kwanza nilijaza kwa uangalifu ukubwa wa spika zangu, kama nilivyojaza kwenye risiva, kifaa kinachopokea sauti na picha na kuendesha spika. Pleya ilikuwa ikiondoa kwenye spika sauti zote zilizo chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito) na kuzihamishia kwenye chaneli ya besi. Risiva nayo, ambayo niliiagiza igawanye sauti kwenye Hz 80, iliipokea chaneli hiyo ya besi na kukata chochote kilichozidi Hz 80. Sauti za kati ya namba hizo mbili zikawa yatima: spika hazikuzipata na subwufa haikuzipata.

Tangu siku hiyo, mtu anaponiuliza anunue risiva ipi, humuuliza kwanza anakusudia kazi gani ifanyike wapi. Katika sebule ya kawaida kuna angalau vifaa vitatu vyenye uwezo wa kuchakata ishara, yaani chanzo (pleya, king'amuzi au mashine ya michezo), risiva yenyewe na televisheni, na kila kimoja kimeundwa kana kwamba vingine havipo. Chanzo kinajua kugawa besi, risiva inajua kukuza picha, televisheni inajua kupanga sauti ya mzunguko. Ukiviacha vyote viwashwe kama vilivyotoka kiwandani, kazi moja itafanywa mara mbili, na kazi ya pili huharibu ya kwanza.

Tuanze na kusimbua sauti, yaani kuifungua sauti iliyofinywa, kwa kuwa hapo ndipo mabishano huwa makali bila sababu. Diski ya Blu-ray inaweza kubeba sauti za Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, ambazo zimefinywa bila kupoteza kitu. Pleya inaweza kuzifungua yenyewe na kupeleka PCM, yaani sauti ya kidijiti iliyokwisha kufunguliwa, kwenye risiva, au kuzipeleka zikiwa bado zimefungwa, kwa njia ambayo menyu nyingi huiita bitistrimu, nayo risiva ikazifungua. Njia hii ya pili iliwezekana kupitia HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, baada ya toleo la 1.3 kutoka mwaka 2006. Wapo wanaoapa kwamba moja ina utamu kuliko nyingine, lakini sauti iliyofinywa bila kupoteza kitu, ikifunguliwa sawasawa, hutoa namba zilezile popote inapofunguliwa. Sababu yangu ya kuchagua bitistrimu si utamu. Kwanza, Dolby Atmos, iliyoingia majumbani mwaka 2014, hubeba pamoja na sauti maelezo ya mahali kila sauti inapopaswa kusikika chumbani, na pleya ya diski ikiifungua kuwa PCM ya kawaida maelezo hayo hupotea. Pili, mipangilio ya spika iliyomo ndani ya pleya hufanya kazi pale tu pleya inapofungua sauti yenyewe, kwa hiyo kwa kubadilisha neno moja kwenye menyu nilizima kwa mkupuo yale yote yaliyonitesa miezi saba.

Hata hivyo mtego mmoja ulibaki. Baada ya mabadiliko hayo niliketi sakafuni mbele ya kabati, rimoti mkononi, nikisubiri kioo kidogo cha risiva kiandike TrueHD, nacho kikaandika Dolby Digital tu. Nilitoa diski, nikairudisha, nikajaribu nyingine, kioo kikashikilia neno lake. Mkosaji alikuwa kipengele cha pleya kinachoitwa sauti ya pili, ambacho kazi yake ni kuchanganya milio ya menyu na maelezo ya mwongozaji ndani ya sauti ya filamu. Ili iweze kuchanganya, pleya hulazimika kufungua sauti zote na mara nyingi huzifunga upya kwa mfumo wa zamani, ambao kwenye Blu-ray haupiti kilobiti 640 kwa sekunde. Nilikuwa natoa sadaka sauti nzima ya filamu ili nisikie mlio wa kitufe. Kizime kipengele hicho. Kisha ujenge mazoea ya kusoma kioo cha risiva kila unapoanza filamu, kwa sababu ndicho shahidi wa pekee anayekwambia nini hasa kimefika.

Si kila chanzo kinastahili amri hiyohiyo. Mashine ya michezo hutengeneza sauti papo hapo, na kuifunga upya ili tu risiva ikaifungue huongeza ucheleweshaji. Nyingi hutulia vizuri zaidi zikipeleka PCM ya chaneli nyingi. Wenye pleya za zamani zenye waya sita au nane za analogi wajue kwamba kwenye risiva nyingi tundu hizo huenda moja kwa moja kwenye amplifaya, bila kugawiwa besi na bila marekebisho ya chumba. Huko, na huko tu, mipangilio ya spika ya pleya ina kazi ya kufanya.

Kwa nini basi sauti ichakatwe kwenye risiva? Kwa sababu risiva ndiyo iliyoshikana na spika, na ndiyo yenye maikrofoni ya kupimia chumba. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, yaani kila mita ya ziada huchelewesha kwa karibu milisekunde 3, na spika ya nyuma iliyo mita moja na nusu kutoka sikioni haiwezi kuachwa iongee bila kuisubiri ile ya mbele iliyo mita tatu na nusu. Mifumo kama Audyssey na Dirac Live, pamoja na ile ambayo watengenezaji wamejiundia wenyewe, hupima umbali, nguvu na tabia ya chumba, kisha hurekebisha. Kazi hii ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko yote katika risiva ya kisasa, na ndiyo ambayo watu huifanya kwa pupa. Weka maikrofoni juu ya stendi, kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, mbali na mgongo wa kochi, zima feni, pima sehemu zote ambazo mfumo unaziomba, si ile ya kwanza pekee.

Vipimo vikiisha, usikimbilie kuvisahihisha kwa futi. Mimi nilikimbilia. Risiva iliniambia subwufa iko mita 5.4, nami nilikuwa nimeipima kwa mkono nikapata mita 3.2, nikaicheka na kuandika namba yangu. Sikujua kwamba subwufa nyingi zina saketi zinazochelewesha sauti kabla haijatoka, na risiva, ambayo haioni umbali bali husikiliza muda, huuhesabu ucheleweshaji huo kama mita za ziada. Namba yake ilikuwa sahihi kwa kazi iliyokusudiwa, na yangu iliitoa besi nje ya mstari kwa zaidi ya milisekunde 6. Jambo ninalolisahihisha hadi leo ni moja: mfumo ukiziita spika zangu za mbele kubwa, nazirudisha kuwa ndogo na kugawanya kwenye Hz 80, kwa kuwa spika ya wastani haina sababu ya kuhangaika na besi ambayo subwufa imeletwa kuibeba. Pia kumbuka kwamba nyuma ya subwufa kuna kitufe cha kuzungusha kinachokata besi kwa mara nyingine. Kizungushe hadi mwisho au kiweke kwenye alama ya LFE (chaneli ya besi), la sivyo utakuwa na mgawanyaji wa tatu asiyeonekana kwenye menyu yoyote.

Kwa picha mambo ni kinyume. Televisheni ndiyo inayoijua skrini yake, na televisheni ya 4K yenye nukta 3840 kwa 2160 lazima iikuze picha ya 1080p, yenye nukta 1920 kwa 1080, ili ijaze skrini. Risiva ikiikuza na kuinoa kwanza, televisheni bado inaweza kuinoa tena. Picha ikinolewa mara mbili, kingo za vitu huota ukungu mweupe, hasa kwenye maandishi ya tafsiri. Hivyo risiva yangu imeagizwa iipitishe picha bila kuigusa, na pleya imeagizwa itoe picha kama ilivyo kwenye diski, filamu zikiwa fremu 24 kwa sekunde. Nikiwa mkweli, uwezo wa risiva wa kukuza picha, unaochukua nafasi kubwa kwenye vipeperushi, ningeufuta wote bila kuukumbuka. Mahali pekee ninapolipuuza kidogo sharti hili ni kwenye DVD, ambayo picha yake imegawanywa mistari nusu kwa nusu. Pleya nzuri husoma alama zilizomo ndani ya diski na kuiunganisha mistari hiyo vizuri kuliko televisheni inayobahatisha.

Ikiwa unatazama zaidi programu zilizomo ndani ya televisheni yenyewe, sauti inapaswa kurudi kwenye risiva, na hapo tofauti ya ARC na eARC, njia za HDMI za kurudisha sauti kutoka televisheni, ina maana. ARC ya mwaka 2009 haina nafasi ya kupitisha TrueHD wala PCM ya chaneli nyingi. Inapitisha Dolby Digital Plus endapo televisheni inaruhusu, na Atmos ya huduma nyingi za intaneti husafiri ndani ya hiyo. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hubeba hadi megabiti 37 kwa sekunde na kumaliza mjadala. Televisheni pia huchukua muda kuchakata picha, ndiyo maana midomo hubaki nyuma ya maneno. Risiva inaweza kuichelewesha sauti ili zilingane, lakini kabla ya kuongeza milisekunde zima kwanza ulainishaji wa mwendo kwenye televisheni, kwa kuwa mara nyingi ndio unaokula muda huo.

Sasa, ukishajua kwamba risiva itabeba sauti tu na kuipitisha picha, kuichagua kunakuwa rahisi kiasi. Wati ni sehemu yenye udanganyifu mwingi. Tangazo linaweza kuandika wati 150, nawe ukisoma maandishi madogo ukute zimepimwa kwa chaneli moja, kwenye Hz 1000 peke yake, upotofu ukiwa asilimia 10, hali ambayo hakuna anayeisikiliza kwa hiari. Tafuta namba iliyopimwa chaneli mbili zikifanya kazi, kutoka Hz 20 hadi 20,000, kwa omu 8, upotofu ukiwa chini ya asilimia 0.1. Halafu kumbuka kwamba kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu, ambazo ungeweza kuzipata kwa kuchagua spika yenye usikivu (kiasi cha sauti inachotoa kwa wati moja) wa desibeli 91 badala ya 88. Kwenye HDMI, hakikisha kila tundu utakalolitumia linapitisha HDCP 2.2, mfumo wa kuzuia kunakili, au toleo jipya zaidi, maana bila hiyo picha ya 4K yenye ulinzi haipiti, na usidhani tundu zote nyuma ya risiva moja zina uwezo sawa. Kama una mashine ya michezo inayotoa 4K kwa fremu 120, soma ni tundu zipi zinaziruhusu.

Kabla ya kununua risiva yangu ya pili nilipakua vitabu vya maelekezo vya risiva tatu na kuvisoma kwa jioni mbili, nikiruka sura za mwanzo na kwenda kwenye majedwali ya nyuma yanayoonyesha ni mchakato gani unafanya kazi kwa ishara ya aina gani. Ile yenye wati nyingi kuliko zote mfumo wake wa kusahihisha chumba haukuigusa subwufa kabisa. Nyingine haikuwa na tundu za kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya ya nje. Nilichukua ile ya tatu, ya chaneli saba, ndogo kwa wati kuliko wenzake, nikaiweka juu ya kabati mahali inapopumua. Natumia chaneli tano, na zile mbili zinasubiri spika za darini ambazo bado najadiliana na wenye nyumba.