Kuhusu lile tela la baridi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Unauliza ulichukue lile tela la baridi ulilooneshwa, maana mtambo wake wa kupoza umepakwa rangi mpya na ukiuwasha unawaka papo hapo. Hayo mawili uliyoyasifia ndiyo yaliyoniponza mimi.

La kwangu nililipenda kama mchumba. Siku ya kwanza kulipitisha mizani likiwa tupu, karani akaniuliza nimebeba nini. Lilizidi uzito mtupu ulioandikwa kwenye kibao cha tela kwa mamia ya kilo. Fundi akatoboa ukuta chini, karibu na pembe, akaingiza kidole. Kikatoka na povu la njano limelowa tepetepe, na maji yakaendelea kumdondokea kiatuni. Lile povu lililo katikati ya kuta ndilo linalozuia joto. Likishanywa maji halizuii kitu, na kukauka ni ndoto. Mtambo ulikuwa mzima kabisa, ila ulinguruma usiku kucha na dizeli inakwenda.

Kwa hiyo anza na sanduku lenyewe la tela. Mtambo ukifa unafunguliwa, unatengenezwa, hata unabadilishwa. Kuta zilizooza utazifanyaje? Lipeleke mizani kwanza. Kisha ingia ndani mchana wa jua kali, mtu afunge milango, usimame gizani mpaka macho yazoee. Ukiona uzi wa mwanga, baridi nayo inatokea hapo hapo. (Wa kufunga awe mtu wako, si dalali.) Bana karatasi kwenye raba za mlango, funga, uivute, ikiteleza tu, raba zimekwisha. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole, na ukisikia mlio umebadilika, simama hapo uangalie vizuri.

Hata likitunzwa, povu huzeeka. Ndiyo maana mkataba wa ATP wa mwaka 1970, unaosimamia vyakula vinavyoharibika vikivuka mipaka, unataka masanduku haya yakaguliwe angalau kila miaka 6.

Sasa mtambo. Nenda bila kupiga simu, uguse injini yake. Ikiwa ya moto, wamekupashia. Kilomita usiziulize, kwa kuwa mtambo una injini yake na hufanya kazi hata gari limelala. Tazama mita ya saa, inayohesabu saa ulizofanya kazi. Uliza na gesi ya kupozea: kama ni ile iitwayo R-404A, nchi nyingi zinapunguza gesi za aina hiyo, zinazopasha dunia joto, tangu makubaliano ya Kigali ya 2016, na kuijaza hakutazidi kuwa rahisi.

Halafu waweke nyuzi 20 chini ya sifuri, sanduku tupu. Likifika, zima mtambo, usifungue milango, kaa na saa yako. Wauzaji hupenda kukuonesha baridi inavyoshuka. Wewe tazama joto linavyopanda: likipanda haraka, kuta hazizuii kitu.

Kitu kimoja hukuniandikia: utabeba nini? Samaki wa kugandishwa wanataka nyuzi 18 chini ya sifuri, ndizi mbichi zinataka kama 13 juu yake, zikipigwa na baridi zaidi zinageuka nyeusi. Na mtambo huu hutunza mzigo uliokwisha kupozwa. Ukipakia wa moto kutoka shambani utaulaumu bure. Nijibu hilo kabla hujatoa arubuni.

Baba yako