Astrofizikia ukiwa Bongo inalisha? Jibu langu kwa dogo wa BSc na Elimu

Dogo umeuliza kama mtu wa fizikia na hesabu anaweza akapiga astrofizikia mpaka PhD halafu akarudi nyumbani na bado akala, na wadau hapo juu washakujibu kwamba huko ni kwenda kuhesabu nyota za wazungu wakati mtaani maji hayatoki. Mimi nafundisha fizikia chuo kikuu cha serikali hapa hapa nchini na utafiti wangu ni galaksi, kwaiyo nakujibu kwa ninachokiishi.

Kwanza futa kichwani ile picha ya mtu kainamia darubini usiku kucha. Wiki yangu mimi ni mekanika ya mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa mainjinia watarajiwa na walimu watarajiwa wengine wamekaa kwenye ngazi, baada ya hapo praktiko, baada ya hapo rundo la mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wakifunga chuo sisi tunatawanywa mikoani kuwakagua walioko BTP, yani mazoezi ya kufundisha mashuleni. Astrofizikia yenyewe ni kozi moja ya hiari mwaka wa tatu, basi. Chuo hakikuajiri mtu wa nyota, kiliajiri mwalimu wa fizikia ambaye muda wake ukibaki anafanya mambo ya nyota, na kusema ukweli hiyo ndiyo salama yako, maana nafasi ya kufundisha fizikia ipo kila chuo, nafasi ya mtu wa galaksi utaisubiri mpaka unazeeka.

Ndio maana nakwambia GPA kwanza. Kuingia kama TA, yani mkufunzi msaidizi, digrii ya kwanza wanaanzia 3.8 na ya masta wanataka 4.0, ukiwa na 3.6 hata ungegundua sayari mpya utaambiwa vigezo havijatimia. Hapo hakuna mjomba.

Njia niliyopita mimi ni Afrika Kusini. Kuna kozi inaitwa NASSP, ni ya ushirikiano wa vyuo kadhaa, imeanza 2003 na mimi nilisomea pale UCT, Chuo Kikuu cha Cape Town. Sasa wale jamaa digrii ya kwanza ni miaka mitatu kama yetu lakini kabla ya masta wanaweka mwaka mmoja wa honours, na wabongo wengi hapo wanakasirika wanaona wanarudishwa nyuma, usikasirike, mwaka ule ndio unaojifunza kuprogramu na zile hesabu za mnururisho ambazo huku tunazipitia juu juu. Wakenya wana unafuu kidogo kwa sababu nchi yao imo kwenye zile 8 za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye SKA, ule mradi wa darubini kubwa ya redio, sisi hatumo, wamepata mafunzo ya radio astronomia mpaka nyumbani kwao.

Tuje kwenye utafiti wenyewe. MeerKAT ni darubini ya redio ya Afrika Kusini, ni sahani 64, kila moja ina kipenyo cha mita 13.5, zipo jangwani Karoo upande wa Carnarvon na zilizinduliwa Julai 2018. Mimi naitumia lakini siigusi. Naandika ombi, naeleza nataka galaksi gani na masaa mangapi na kwanini, kamati inakaa, na masaa yanayoombwa siku zote ni mengi kuliko yaliyopo kwaiyo mengi yanapigwa chini. Ukikubaliwa wao ndio wanapima, wewe unapokea data. Na hapo ndio kazi inaanza, kwa sababu haidrojeni inatoa mawimbi ya sentimita 21, yani megahezi 1420, lakini galaksi ikiwa mbali inakimbia kutoka kwetu na yale mawimbi yanashuka masafa mpaka yanaangukia sehemu ambayo ndege zinaongea na satelaiti za GPS zinapiga kelele, sasa unakaa unachambua kipi ni galaksi na kipi ni ndege iliyokuwa inapita zake. Nimekaa na uchafu huo miezi, na siwezi kukudanganya, napenda.

Kinachochosha ni vyeo. Pepa za miradi mikubwa zina waandishi mia na kitu, na kamati yetu ya kupandisha watu inagawa pointi kwa idadi ya majina, kwaiyo pepa ambayo dunia nzima inaitaja mimi inaniletea pointi ambazo hata robo ya robo hazifiki, huku mwenzangu wa idara nyingine na pepa yake ya watu wawili anapanda. Dawa niliyoipata ni kuandika pepa ndogo na wanafunzi wangu kwa data za wazi. Na angalia ada pia, MNRAS, jarida la Uingereza la mambo ya nyota, kwa miaka mingi mwandishi halipi kitu ila tangu 2024 wanatoza, omba punguzo kabla hujatuma.

Na huyu wa nyota za wazungu. Mkuu, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalum kwa kupima eksirei za angani ilirushwa baharini karibu na Malindi, jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inasherehekea uhuru, ndio wakaiita Uhuru. Bosi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alikuja kupewa Nobeli 2002. Walifuata ikweta yetu wakaitumia, wewe unaikalia bure.

Dogo usisubiri skolashipu ndio uanze. Ingia hifadhi ya data za Gaia, satelaiti ya Ulaya iliyopima nyota, ni bure, toleo la tatu la Juni 2022 lina karibu nyota bilioni 1.8. Chukua zote zilizo ndani ya nyuzi 2 kuzunguka Kilimia, kile kishada cha nyota. Utapata utitiri ambao wengi wao wapo tu njiani hawahusiani nacho, sasa chuja: bakiza zenye paralaksi (ule mchezo mdogo wa nyota angani dunia ikizunguka jua) ya karibu 7.35 milisekunde za tao, na zinazosogea pamoja, kama 20 kwa mwaka kuelekea mashariki na 45 kuelekea kusini kwa kipimo hicho hicho. Chora rangi dhidi ya mng'ao na Python, utaona mstari unajipanga wenyewe. Gawa 1000 kwa paralaksi yako upate umbali wa parseki, inakuja 136 hivi, miaka ya nuru 440 na ushee. Satelaiti ya zamani, Hipparcos, ilisema ni kama parseki 120, na watu wakubwa waligombana miaka mingi nani kakosea, wewe unaimaliza ile kesi ukiwa hosteli.

Mchoro huo ndio unaambatanisha kwenye imeili ya kuomba supavaiza, na mistari mitano tu ya ulichofanya na ulipokwama. Zile imeili za tangu utotoni nilipenda kutazama angani hatuzimalizi kusoma.

Umeuliza na laptop ya RAM 4. Kwa Kilimia inatosha. Kwa MeerKAT hata yangu haitoshi, data ghafi zinafika terabaiti na zaidi, tunaingia kwa mbali kwenye kompyuta za ilifu, kituo cha kuchakata data za utafiti kule Cape Town, umeme ukikatika huku kazi kule inaendelea.