Mwambie Daktari Ulizaliwa Wiki ya 30

Jinja

Mwanangu Zaituni,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umenieleza kwamba huko kliniki Mbarara wamekupima presha mara mbili wakaikuta iko juu kidogo, nawe una miaka 28 tu. Kwamba daktari alikuuliza kama ulizaliwa miezi ikiwa imetimia, ukakosa la kumjibu. Na unataka kujua kama wasiwasi unaokunyima usingizi nao una asili yake huko. Jibu hilo nilipaswa kukupa kabla hujauliza.

Ulizaliwa katika wiki ya 30, ilhali mtoto huhesabiwa kuwa ametimiza siku kuanzia wiki ya 37. Mama yako alishikwa na kifafa cha mimba, yaani degedege litokanalo na presha kupanda wakati wa ujauzito, ikabidi utolewe kwa upasuaji ili nyote wawili mpone. Ulikuwa na gramu 1,300, na unyayo wako ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Mashine ya joto ilikuwa moja na tayari ina watoto watatu, kwa hiyo muuguzi aliniamuru nivue shati la jeshi, akakulaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa leso ya mama yako. Tulikaa hivyo siku 19, nami nilitoka kuoga na kula tu, bibi yako akishika zamu. Maziwa ulipewa kwa mpira mwembamba uliopita puani. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu pumzi zako, kwa sababu mara kwa mara ulikuwa unasahau kupumua. Hapo nilikukwaruza unyayo polepole kwa ukucha, nikingoja, mpaka kifua kidogo kikanyanyuka tena.

Baadaye nilijifunza kwamba njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na uhaba kama wetu, na kwamba waliobebwa hivyo walipofuatiliwa baada ya miaka 20 walionekana watulivu kuliko wenzao waliolelewa ndani ya mashine. Habari hiyo imenifariji sana.

Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani tuliambiwa uzito wako umetosha, basi. Hakuna aliyetuonya kwamba habari ya kuzaliwa kwako itakuwa na maana ukiwa mtu mzima. Jamaa nao walikuwa wakisema maneno juu ya mtoto wa namna hiyo, nami nikapiga marufuku jambo hilo kutajwa ndani ya nyumba. Nilidhani nakulinda. Nilikosea, mwanangu, na ninakuomba radhi.

Sasa nije kwenye presha. Vichujio vidogo vya figo huundwa tumboni mwa mama hadi karibu wiki ya 36, na vingi vyake huundwa katika miezi ile ya mwisho ambayo wewe hukuipata. Anayezaliwa mapema huweza kuanza maisha na vichujio vichache, figo zikafanya kazi kubwa zaidi, na ndiyo moja ya sababu ambazo watu wazima wa aina yako kwa wastani huwa na presha ya juu kuliko wenzao. Tena mama yako aliugua presha ya mimba, na watoto wa akina mama hao nao huelekea huko. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba wewe ni kijana, nenda ukapumzike. Omba upimwe mkojo na damu ili figo zijulikane hali yake, punguza chumvi, na ile njia ya kazini uitembee kwa miguu badala ya kupanda boda boda. Mapafu yako pia hayakupata muda wake kamili. Sigiri iwashie nje, na usikae penye moshi wa sigara.

Kuhusu wasiwasi, ni kweli kwamba waliozaliwa mapema sana husumbuliwa zaidi na hofu na huzuni, na kwa wastani huwa watu wa tahadhari zaidi kuliko wenzao. Watafiti wa Cleveland, Marekani, walioandika mwaka 2002 juu ya vijana wa miaka 20 waliozaliwa chini ya gramu 1,500, walikuta kwamba maradhi yalikuwa mengi zaidi kwao, lakini pombe na dawa za kulevya walizitumia kidogo kuliko wenzao. Nikisoma hayo ninakuona wewe ulivyokuwa shuleni. Tabia hiyo siitaki ibadilishwe. Kinachoniuma ni usiku usiolala, na huo una matibabu. Mtafute mshauri wa afya ya akili, wala usione haya kumweleza yote.

Uliuliza pia juu ya kuzaa. Uwezekano wa wewe kujifungua mapema umezidi kidogo tu, na wanawake wengi waliozaliwa kama wewe hufikisha siku zao. Ukipata mimba, anza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza na uwatajie ugonjwa wa mama yako.

Ndani ya bahasha hii nimetia kadi yako ya kuzaliwa, yenye wiki, uzito na siku ulizokaa wodini kwa mwandiko wa yule muuguzi. Mwonyeshe daktari, atoe nakala, kisha unirudishie, kwa maana nimeitunza miaka 28 na bado ninaihitaji.

Baba yako